Ndege iliyolala na mafuta yake: maswali ya wasomaji

Barua za mwezi huu zinazunguka jambo moja: ndege ndogo iliyokaa muda mrefu bila kuruka, na mafuta yaliyobaki ndani yake. Barua ya kwanza tumeipa nafasi kubwa kwa sababu hatari yake iko karibu zaidi.

Swali: Ndugu wahariri, habari za kazi. Mimi na mwenzangu tuna Cessna 172 ya kabureta ambayo haijaruka kwa miezi 14. Imekaa nje chini ya turubai, matangi yakiwa nusu. Wiki iliyopita tuliweka betri mpya, injini ikawaka mara ya pili na ikanguruma vizuri dakika kumi. Mwenzangu anataka tuirushe kwa mafuta yaliyomo hadi Dar es Salaam kwa ukaguzi wa mwaka. Anasema kumwaga mafuta hayo ni kutupa pesa. Mnasemaje? – Msomaji, Arusha

Jibu: Ndugu yetu, msiirushe kwa mafuta hayo, hata kwa dakika tano za kuzunguka kiwanja.

Injini kuwaka ikiwa chini hakuthibitishi kilichomo tangini. Injini ya ndege yenu ikinguruma polepole hunywa lita nne hadi sita kwa saa. Kwa dakika kumi imemaliza lita moja hivi, na sehemu kubwa ya hiyo ilikuwa tayari kwenye bakuli la kabureta, kwenye kichujio na kwenye mabomba. Ikipewa nguvu zote za kupaa, injini hiyohiyo hunywa karibu lita 50 kwa saa. Uchafu uliokuwa ukipita kidogokidogo sasa unavutwa kwa kasi, na tundu la kabureta lililoziba nusu kwa utando wa gundi, ambalo liliitosha injini pale chini, halitoshi tena.

Maji nayo yana mwenendo wake. Lita moja ya avgasi, yaani petroli ya ndege, ina uzito wa gramu 720 hivi, ya maji gramu 1,000, kwa hiyo maji hushuka hadi sakafu ya tangi, ambalo kwa ndege hii liko ndani ya bawa. Mdomo wa bomba la kutolea mafuta huwa umeinuliwa kidogo juu ya sakafu hiyo. Ndege ikisimama sawasawa, maji yanaweza kulala chini ya mdomo huo miezi mingi bila kufika kwenye injini. Mkitembea kwenye barabara yenye mashimo, mkakata kona, kisha mkainua pua ili kupaa, maji yanahama na kuufunika mdomo. Injini inakohoa au inazima mkiwa futi 200 au 300 juu ya ardhi, mahali ambapo hamna urefu wa kugeuka kurudi. Marubani wengi wamekufa wakijaribu kugeuka kutoka hapo. Na hapo Arusha, kwa kuwa kiwanja kiko karibu mita 1,400 juu ya bahari, 172 hupanda taratibu, hivyo mtakaa muda mrefu zaidi katika eneo hilo la hatari.

Maji yametoka wapi ikiwa turubai lilikuwepo? Tangi lililo nusu hupumua. Usiku wa baridi hewa hujikunja na tangi huvuta hewa yenye unyevu kupitia tundu lake la hewa. Unyevu huo huganda kuwa matone kwenye kuta zilizo juu ya mafuta, matone yanateremka. Mchana hewa hupanuka na kutoka, usiku inaingia nyingine. Zidisheni hilo kwa usiku zaidi ya 400. Pia mipira ya vifuniko vya matangi hukauka na kupasuka kwa jua, na mvua hupenya kutoka juu ya bawa. Wakati huohuo sehemu nyepesi za avgasi, zile zinazosaidia injini kuwaka, zimekuwa zikitoroka, na zinazobaki huacha utando wa rangi ya kahawia kwenye matundu madogo ya kabureta. Avgasi iliyotunzwa vizuri kwenye chombo kilichofungwa huhesabiwa kudumu mwaka mmoja hivi. Ndani ya bawa linalopumua haifiki huko.

Basi fanyeni hivi, mkiwa na mhandisi wa ndege mwenye leseni, si peke yenu. Msiiwashe tena. Isukumeni mahali pa wazi, mbali na mabanda, unganisheni waya wa kuzuia cheche za umeme tuli kwenye ndege na kwenye chombo cha kupokelea mafuta, na kizima moto kiwe karibu. Kabla ya kumwaga chochote, kingeni sampuli kutoka kila vali ya kutolea maji. Kwa 172 za zamani ni moja chini ya kila bawa na moja ya kichujio kikuu karibu na injini, na baadhi zina nyingine chini ya tumbo. Matoleo mapya zaidi, 172R na 172S, yana 13. Tumieni chupa ya kioo yenye mdomo mpana, si kile kikombe kidogo cha kila siku. Avgasi ya 100LL, ile aina ya kawaida, iwe ya buluu, angavu, isiyo na mpira wa maji chini wala chembe zinazoelea. Kama imepauka au inanuka vanishi, imechakaa. Unga mweupe ni dalili kwamba alumini inaliwa. Vipande vyeusi vinavyonyumbulika ni mpira wa mabomba unaooza.

Kuna kosa moja ambalo hata watu wazoefu hulifanya. Ukikinga kikombe kikajaa maji matupu, hutaona mstari wowote unaotenganisha maji na mafuta, kwa sababu mafuta hayamo. Unaona kioevu kisafi, unaridhika, unaondoka. Kwa hiyo tafuteni rangi ya buluu dhidi ya karatasi nyeupe, nuseni, na mkiwa na shaka dondosheni maji kidogo ndani: yakizama na kujitenga, mnayo petroli, yakichanganyika na kupotea, mliyokinga ni maji.

Baada ya hapo mwageni yote. Tangi nusu kwa ndege hiyo ni kama lita 80. Hiyo ndiyo bei mnayobishania, na safari ya Dar es Salaam peke yake itatumia karibu kiasi hichohicho. Msimpe mtu ayatie kwenye gari: 100LL ina risasi, hadi gramu 0.56 kwa lita, nayo huua kichujio cha moshi cha magari ya kisasa. Wala msiyamwage mtaroni. Muulizeni muuzaji wa mafuta hapo kiwanjani, atajua pa kuyapeleka.

Mhandisi afungue bakuli la kichujio kikuu, plagi ya chini ya kabureta, kichujio kidogo cha nyavu kwenye mlango wa kabureta na nyavu zilizo kwenye midomo ya matangi. Abadilishe oringi, yaani pete za mpira, za vifuniko. Achunguze matundu ya hewa kwa waya mwembamba na tochi. Nyigu wa udongo wanapenda sana matundu hayo, na tangi lisilopumua hukataa kutoa mafuta kama chupa ya soda iliyopinduliwa.

Kisha kipimo ambacho wengi wanakiruka, nacho ndicho tunachokithamini kuliko vyote: kupima mtiririko. Kanuni ya ndege ndogo zinazotegemea mafuta kushuka kwa uzito wake ni kwamba mfumo uweze kutoa asilimia 150 ya matumizi ya wakati wa kupaa. Kwa injini inayonywa lita 50 kwa saa, hiyo ni lita 75 kwa saa, yaani lita moja na robo kwa dakika. Wekeni mafuta mapya kidogo tu, inueni pua ya ndege hadi pembe ya kupaa, fungueni bomba linaloingia kwenye kabureta, na mkinge kwa dakika tano mkiwa na saa mkononi. Pimeni tangi la kushoto peke yake, la kulia peke yake, kisha yote mawili, vifuniko vikiwa vimefungwa. Mtiririko ukianza kwa nguvu kisha ukafifia, tundu la hewa limeziba. Ukiwa dhaifu tangu mwanzo, kizuizi kiko kwenye bomba, kwenye vali ya kuchagulia tangi au kwenye nyavu.

Hapo ndipo mjaze mafuta mapya, mtikise mabawa, msubiri nusu saa na mkinge sampuli tena. Kisha injini ijaribiwe kwa nguvu zote ikiwa imezuiwa magurudumu, kwanza kwa tangi moja, halafu kwa jingine, mkiangalia joto lisipite kiasi. Ikizimwa, kingeni sampuli mara nyingine, maana mtetemo huo unaweza kuteremsha kilichokwama.

Jambo la karatasi ni fupi: muda wa ukaguzi ukiwa umepita, ndege haina ruhusa ya kuruka hadi TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, iwape kibali maalumu cha kuihamisha. Pengine ni nafuu kumleta mhandisi Arusha.

Swali: Salamu kutoka Kilifi. Cessna 182 yangu ya mwaka 1975 hukaa wiki tatu au nne bila kazi msimu wa mvua. Kila asubuhi ninapokinga sampuli napata maji robo kikombe, nayamwaga, nakinga tena, mafuta yanatoka safi. Je, hilo linatosha?

Jibu: Halitoshi, na kwa ndege yako sababu ni ya pekee. 182 ya mwaka huo ina matangi ya mpira, yaani mifuko laini iliyopachikwa ndani ya bawa kwa vifungo. Mfuko ukichakaa, au vifungo vikiachia, sakafu yake hujikunja, na kila kunjo ni bonde dogo la kuhifadhi maji. Unakinga yale yaliyokaribia vali. Yaliyo nyuma ya kunjo yanabaki, na yatavuka kunjo hilo pua itakapoinuka. Mwaka 1984 FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, ilitoa agizo la lazima kuhusu matangi ya namna hii kwa sababu hiyohiyo. Tazama kwenye kitabu cha ndege yako kama limetekelezwa.

Namna ya kuyatoa maji hayo: kinga kwanza ndege ikiwa imetulia. Kisha shika ncha ya bawa, uinue na kushusha mara kumi na mbili hivi, mwenzako akiushusha mkia hadi karibu na ardhi na kuuachia. Subiri dakika kadhaa, kinga tena kutoka kila vali. Ukipata maji baada ya kutikisa ilhali sampuli ya kwanza ilikuwa safi, tangi lina mikunjo na ndege hiyo isiruke mpaka mfuko unyooshwe au ubadilishwe.

Kuhusu maji yenyewe yanakotoka, robo kikombe kila asubuhi ni mengi mno kuwa ukungu wa usiku tu. Hiyo ni mvua. Vifuniko vya zamani vya 182 vimezama ndani ya bawa, kwa hiyo mvua hutengeneza kidimbwi juu yake na oringi iliyokauka huipitisha. Kubadilisha oringi ni kazi ya dakika chache, lakini dawa ya kudumu ni kuweka vifuniko vya aina inayosimama juu ya bawa, ambavyo vina kibali. Usijaribu pia kuikausha mifuko hiyo kwa kuiacha mitupu miezi mingi: mpira usioguswa na mafuta hukauka na kupasuka. Ikilazimu, hupakwa oili nyepesi ya injini kwa ndani.

Swali: Bwana mhariri, jambo. Huku kwetu Kalemie tuna mapipa sita ya avgasi ya lita 200, yaliletwa miaka miwili iliyopita. Yamesimama nje. Ndege yetu nayo imelala mwaka mzima. Tunaweza kuchuja mafuta hayo kwa ngozi na kuyatumia?

Jibu: Jambo sana, ndugu. Pipa lililosimama wima nje kwenye mvua ni hatari hata kama kizibo kimekazwa. Maji hutuama juu ya kifuniko, kuzunguka kizibo. Jua likizama pipa linapoa, linavuta hewa, na pamoja na hewa linavuta maji hayo kupitia nyuzi za kizibo. Ndiyo maana mapipa hulazwa ubavu, juu ya magogo, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kimoja kushoto na kingine kulia, ili mafuta yavifunike kwa ndani.

Kwa miaka miwili jibu letu ni hapana, isipokuwa maabara iyapime kwanza. Kuchuja huondoa maji na uchafu. Hakurudishi sehemu nyepesi zilizopotea, wala hakuondoi gundi iliyoyeyuka ndani ya mafuta. Tena kuna uchafu usioonekana kabisa. Australia, mwishoni mwa 1999, avgasi kutoka kiwanda kimoja ilichafuliwa na kemikali iliyotumika kiwandani humo. Iligusana na sehemu za shaba nyeupe kwenye mifumo ya mafuta na kuacha gundi nyeusi, na ndege zipatazo 5,000 zikasimamishwa mapema mwaka 2000. Chupa ya sampuli peke yake isingewaambia marubani jambo hilo. Lilijulikana baada ya gundi hiyo kukutwa ndani ya ndege, na mafuta yenye shida hufuatiliwa kwa namba ya shehena na karatasi yake. Kwa mapipa yenu, kama tarehe ya kujazwa na namba ya shehena hazisomeki, hapo hakuna la kujadili.

Mkipata mapipa mapya, chini ya mwaka, mihuri ikiwa mizima, fanyeni hivi: lisimamisheni pipa siku ya kazi, liinamishwe kidogo kwa kuweka kipande cha ubao upande mmoja, na mliache litulie. Avgasi huhitaji dakika 15 kwa kila sentimita 30 za kina, kwa hiyo dakika 45 kwa pipa zima. Mafuta ya jeti, kwa kuwa ni mazito zaidi, huhitaji saa moja kwa kina hichohicho, yaani saa tatu. Bomba la pampu lisiguse chini, liachwe sentimita tano hadi kumi juu, upande ulioinuliwa. Pampu iwe na kichujio kinachozuia maji. Ngozi ni msaada wa mwisho: iwe ngozi halisi, iliyoloweshwa kwa mafuta kwanza, maana ikiguswa na maji mwanzoni itapitisha maji. Vitambaa vinavyofanana na ngozi havizuii chochote. Na kabla ya kufungua kizibo, waya uunganishe pipa, pampu na ndege, kwa sababu mafuta yanayopita kwenye kichujio hujenga umeme.

Kwa kuwa mapipa ya avgasi na ya jeti mara nyingi hukaa pamoja, dondosheni tone kwenye karatasi nyeupe. Avgasi hukauka na kutoweka. Mafuta ya jeti huacha doa la grisi. Injini ya pistoni ikinyweshwa mafuta ya jeti inaweza kuwaka na kutembea kwa mabaki ya avgasi yaliyo kwenye mabomba, kisha wakati wa kupaa mchanganyiko hulipuka ovyo ndani ya silinda na kutoboa pistoni.

Swali: Shikamooni wahariri. Nasomea uhandisi wa ndege Nairobi. Mwalimu alisema mafuta ya jeti huota kuvu. Je, Caravan (ndege ya Cessna yenye propela inayotumia mafuta ya jeti) iliyosimama miezi mitatu iwekewe dawa ya kuua kuvu kabla ya kuruka?

Jibu: Marahaba, mwanetu. Mwalimu yuko sahihi. Kuvu na bakteria huishi kwenye mpaka kati ya maji na mafuta. Maji ndiyo makazi, mafuta ndiyo chakula. Wanaacha ute wa kahawia au mweusi unaoziba vichujio, unaodanganya vipimo vya kiasi cha mafuta, na tindikali yake hula alumini ya tangi. Joto letu linawafaa sana. Kwenye Caravan, kijiti chekundu kinachochomoza kwenye kichujio cha mafuta maana yake kichujio kimeziba na mafuta yanapita bila kuchujwa. Kisirudishwe ndani na kusahauliwa.

Lakini dawa haitangulii. Kwanza toa maji kila vali, pamoja na ile ya tangi dogo la chini na ya kichujio. Chukua sampuli za mpakani mwa maji na mafuta, zipimwe. Kuvu wakiwa wengi, tangi hufunguliwa na kusafishwa kwa mkono, kwa sababu dawa huwaua lakini haiwaondoi. Maiti zao huishia kwenye kichujio.

Na hesabu ya dawa isikaguliwe na mtu mmoja. Februari 2020, Airbus A321 iliyokuwa imewekewa dawa ya kuvu ilipaa kutoka Gatwick, Uingereza, injini zote mbili zikasumbua, rubani akatangaza dharura na kutua dakika 11 baada ya kupaa. Wachunguzi walikuta dawa mara 38 ya kiasi kilichotakiwa. Kosa lilianzia kwenye kugeuza kipimo cha sehemu kwa milioni kuwa kiasi cha kumimina. Hesabu yenyewe ni hii: sehemu 100 kwa milioni ni mililita 100 kwa kila lita 1,000. Kwa lita 1,200 ni mililita 120. Ukijikuta umeshika ndoo, simama. Dawa ichanganywe na mafuta yanapoingia, si kumiminwa tangini kwa mkupuo, na iwe ile iliyotajwa kwenye kitabu cha injini hiyo.

Swali: Ndege ikae muda gani ndipo tuseme imelala? Na tuiachaje? – Msomaji, Morogoro

Jibu: Lycoming, watengenezaji wa injini za ndege ndogo, huhesabu injini kuwa hai ikiruka angalau mara moja kila siku 30, saa moja au zaidi, oili ikifika joto la nyuzi 74 hadi 93. Kuinguruma chini hakuhesabiki: oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, na injini inabaki na maji zaidi ya ilivyokuwa. Kuzungusha propela kwa mkono kunafuta oili iliyobaki kwenye silinda. Ndege kubwa nazo hazikusamehewa: Julai 2020 FAA iliagiza Boeing 737 zilizosimama siku saba tu au zaidi zikaguliwe vali fulani za hewa za injini, baada ya injini kuzima angani kwa sababu ya kutu.

Mkijua itazidi mwezi, badilisheni oili kabla ya kuiegesha, jazeni matangi hadi shingoni mkiacha nafasi ndogo ya mafuta kupanuka kwa joto, wekeni oringi mpya, funikeni matundu ya hewa kwa wavu wenye utepe mwekundu unaoonekana kutoka mbali, na mfunge vali ya mafuta. Kwenye usukani fungeni kadi yenye tarehe ya kuegesha, kiasi cha mafuta kilichomo na tarehe yaliponunuliwa.